Saa Moja Ndani ya Bani

Ngollo alikuwa mtunza tumbili. Kituo alichofanyia kazi kilikuwa ndani ya miombo, pembeni ya barabara iendayo Sikonge, na kabla hakijajengwa yeye alikuwa mtegaji tu, akiishi kwa asali na ngozi. Kituo kilipoanza, ndiye aliyenasa majike ya kwanza kwa nyavu, watoto wao wakiwa wamewang'ang'ania tumboni. Hakuogopa kung'atwa. Kwa hiyo mkuu wa kituo akamwajiri.

Mkuu huyo, Narendra, alikuwa mzaliwa wa Tabora. Mama yake, Gangaben, aliuza vitambaa mjini. Narendra mwenyewe alikuwa amesoma ng'ambo, akarudi miaka michache baada ya Uhuru, mtu mpole wa kusema polepole. Swali lililomleta msituni lilikuwa moja: mnyama aliyepata shida angali mdogo, akikua anakuwa imara au anakuwa amevunjika? Ili apate jibu aliwagawa watoto wa tumbili makundi matatu. Wa kwanza waliachwa na mama zao, hawakuguswa. Wa pili walitolewa mara moja kwa wiki, wakafungiwa peke yao katika kizimba kidogo kwa saa moja, kisha wakarudishwa. Wa tatu walikuwa wale ambao mama zao walikufa kwenye nyavu au njiani. Hao hawakuwa na wa kurudishiwa, wakakua kila mmoja peke yake, chupa ya maziwa ikiwa imefungwa kwenye waya.

Kuwatoa wale wa kundi la pili ilikuwa kazi ya Ngollo. Alimbandua mtoto kifuani kwa mama, kidole kimoja kimoja, mama akipiga kelele na kumrushia mavi, akambeba kwa mkono mmoja hadi kizimbani. Mwanzoni zile kelele alirudi nazo nyumbani. Baadaye akazizoea.

Watoto walipopita mwaka, wote walijaribiwa. Waliingizwa kundi kwa kundi katika banda geni lenye pipa jekundu, kioo na mwavuli uliofunguliwa, na nyuma ya vitu hivyo papai lililokatwa. Wa kundi la kwanza walibaki mlangoni wamerundikana, wakitetemeka. Wa tatu walijikunja pembeni wakijing'ata mikono. Mmoja alijing'ata mpaka mfupa ukaonekana. Wa pili walisimama kidogo, wakatazama, wakaenda kula papai.

"Umeona?" Narendra akasema, na ilikuwa mara ya kwanza Ngollo kumwona akicheka. "Shida kidogo imewafundisha."

"Kama mimi," Ngollo akasema.

"Kama wewe vipi?"

"Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe mpaka pwani. Alitwishwa kipande cha pembe tangu anajifunza kutembea. Mimi mama alikufa meno yangu hayajaota yote, baba mdogo akanilaza zizini na ng'ombe. Na unaniona nilivyo."

Narendra alikuwa bado anatazama banda. "Sijui wewe ni kundi gani, Ngollo," akasema kwa utani. Ngollo hakuuchukua kama utani.

Nyumbani alikuwa na mke, Koleta, na binti mmoja, Josepha, wa miaka minne. Kabla ya Josepha, Koleta alikuwa amezika watoto wawili, na huyu wa tatu hakumshusha. Alimbeba mgongoni akilima, akitwanga, akienda kisimani, mpaka majirani wakamwuliza kama mtoto ana miguu. Mgeni akibisha hodi, Josepha aliingia ndani ya khanga ya mama yake. Mbuzi akilia, alilia naye. Ngollo kila akimwangalia aliwakumbuka wale waliorundikana mlangoni, na aliona aibu.

Jirani yao mmoja aliyechoka na kilimo cha tumbaku alikuwa amehama na kuacha bani lake, kile kibanda kirefu cha udongo cha kukaushia majani, kisicho na dirisha. Jumapili moja Ngollo alimwambia Koleta aende kanisani peke yake. Alipoondoka, akamshika Josepha mkono mpaka kwenye bani.

"Baba, humo kuna giza," mtoto akasema.

"Ndiyo. Ingia."

Akafunga mlango wa mbao na kuuegemeza gogo. Kisha akakaa kivulini, saa ya kituo mkononi, akavuta tumbaku. Josepha alimwita mama yake, halafu bibi yake aliyekwisha kufa, halafu majina ya mbuzi. Saa moja ilipotimia Ngollo akafungua. Mtoto alikuwa amejikojolea na kucha zake zilikuwa zimejaa udongo wa ukutani. Akampa karanga.

Koleta aliporudi na kusikia, alimnyanyua mtoto na kumfunga mgongoni. Ngollo akaja kwa nyuma, akafungua khanga na kumbandua mtoto.

"Usimbebe. Ukimbeba unaharibu dawa."

"Kwani hao tumbili wako, ukishawafungia unawapeleka wapi?"

"Nawarudisha kwa mama zao."

"Basi na mimi nipe wangu."

"Wale ni wanyama, Mama Josepha. Wataishi mtini. Huyu ataishi na watu. Anahitaji zaidi ya wao."

Ikawa hivyo kila Jumapili. Koleta alijaribu kumficha mtoto kwa jirani, akapigwa, na jirani akamrudisha mtoto mwenyewe kwa kuogopa ugomvi. Alijaribu kumkumbatia kwa siri jikoni, lakini Josepha alikuwa akisikia hatua za baba yake anajitoa mwenyewe mikononi mwa mama, kwa sababu alijua nani angepigwa. Masika yalipokwisha alikuwa halii tena. Jumapili asubuhi alitangulia mbele kwenda kwenye bani, akaingia, akageuka kusubiri mlango ufungwe. Alichota maji peke yake kwa kibuyu kidogo. Wageni wakija alitoka na kuwaamkia, "Shikamoo," kwa sauti iliyonyooka, na wageni wakasifu malezi. Ngollo alifurahi, akaongeza muda. Saa moja ikawa asubuhi nzima.

Kazini alimsimulia Narendra. Narendra aliacha alichokuwa akifanya.

"Usiku analala?" akauliza.

"Analala."

"Anakula?"

"Anakula anachopewa."

"Na kucheza?"

Ngollo akafikiri. "Hana haja ya kucheza."

"Mama yake akimshika, anafanyaje?"

"Simruhusu kumshika."

Narendra alivua miwani akaifuta. Nyuma yake, kwenye vizimba vya kundi la tatu, tumbili mmoja alikuwa akiyumba mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama alivyoyumba tangu alfajiri. Lililopaswa kusemwa lilikuwa pale pale, halikuhitaji kutafutwa.

"Ningependa kumwona," Narendra akasema.

Alikuja alasiri moja na gari la kituo. Koleta alipomwona akitelemka, moyo wake ulitulia, maana alikuwa amesikia kwamba ni mtu msomi na mwenye huruma, asiyepiga hata mbwa. Alimfagilia mahali, akamwekea kiti. Narendra aliweka peremende juu ya jiwe upande wa pili wa ua. Josepha alipoanza kuiendea, akaufungua mwavuli mweusi ghafla mbele ya uso wake. Kuku walitawanyika. Josepha hakupepesa. Aliuzunguka mwavuli, akachukua peremende, akarudi alipokuwa amesimama, akaishika tu mkononi.

"Ajabu," Narendra akasema kwa sauti ya chini.

Koleta alimfuata mpaka garini. "Daktari, wewe anakusikiliza. Mwambie aache."

"Nitazungumza naye, mama."

Hakuzungumza naye. Wiki iliyofuata alimwuliza tu kama mtoto ameanza kuota ndoto mbaya.

Mwaka wa sabini na nne ilikuja amri ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Kaya zilizotawanyika kando ya barabara ya Sikonge zilitakiwa kuondoka kabla ya mvua, na kituo nacho kilikuwa kimekosa wafadhili. Narendra alipata kazi ng'ambo. Siku moja kabla ya safari aliwaambia wafanyakazi wawaachie tumbili huru, na watakaoshindwa kuondoka wamalizwe, kwa sababu kuwaacha wafe njaa vizimbani ni ukatili. Kisha akawapa wote mkono na kwenda zake mjini.

Ngollo alikwenda na Josepha kufungua vizimba. Aliona litakuwa somo zuri. Wa kundi la kwanza walitoka wakasimama kwenye uwanja wakiwa wameshikana, na mbwa wa wanamgambo waliokuja kuchukua mabati wakawakamata wengi hapo hapo. Wa pili walipanda mitini. Wa tatu hawakutoka kabisa, ingawa milango ilikuwa wazi.

"Shika hili bakuli," Ngollo akamwambia mwanawe. Ndani kulikuwa na vipande vya papai. "Lishike hapa mlangoni. Usitikisike."

Josepha akalishika. Tumbili wa kwanza alisogea kwa matako, akanyoosha mkono, akachukua kipande kutoka kwenye bakuli, na Ngollo akampiga rungu la kichwa. Wakaenda kizimba cha pili, kisha cha tatu, mpaka vyote vikaisha. Bakuli halikutikisika. Yule wa mwisho alimtazama Josepha kwa muda, naye Josepha akamtazama, kisha yeye mwenyewe akalisogeza bakuli karibu zaidi ili afikie.

Aliporudi nyumbani, Koleta aliona matone kwenye gauni lake.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Damu ya nini hii?"

"Ya wale," Josepha akasema, akauliza kama ugali uko tayari.

Malori mawili yalikuja asubuhi ya kuhama. Wanamgambo walikwishaezua mapaa tangu jana yake ili mtu asirudi nyuma, na watu walikuwa wamekaa juu ya vyombo vyao. Koleta alipandishwa la kwanza pamoja na vyungu na kuku. Akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Ngollo akapita naye, akaenda kumpandisha lori la nyuma, katikati ya watu wa kitongoji kingine ambao hawakumjua.

"Baba Josepha, mlete huku," Koleta akasema.

"Atapanda lile. Ni safari fupi, tunakwenda pamoja."

"Mlete, nakuomba."

"Unataka aanze maisha mapya akiwa mgongoni?"

Koleta aliweka mguu mmoja nje ya lori. Mgambo akamrudisha ndani kwa kitako cha bunduki, na dereva akaondoa gari. Lori la nyuma lilifuata. Koleta aliliona kwenye vumbi mpaka walipofika Tabora mjini, ambako la kwanza lilikata kwenda magharibi, Urambo, na la pili likanyoosha kuelekea Nzega. Alipiga bati la kichwa cha gari kwa ngumi zote mbili. Ngollo alikuwa amekaa mbele na dereva. Alisikia kishindo, akadhani ni vyombo vinagongana.

Kijiji cha Urambo kilikuwa mistari ya vigingi kwenye pori. Jua lilikuwa linazama walipofika, na Ngollo alisimama barabarani akisubiri lori ambalo halikuja. Aliuliza. Mmoja akasema limeharibika, mwingine akasema limepelekwa kijiji kingine, na hakuna aliyejua ni kipi, kwa sababu vijiji vilikuwa vingi na vyote vilikuwa vipya, vingine havijapewa hata jina.

"Atakuwa mzima," Ngollo akamwambia mkewe. "Nimemwandaa."

Kulipokucha Koleta akaondoka kwa miguu kumtafuta. Ngollo hakwenda, maana mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba asiyejenga kabla ya mvua atakosa kiwanja. Mvua zilimkuta Koleta njiani. Alitembea kijiji hadi kijiji, akila matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, aliyopewa na watu ambao nao hawakuwa nayo ya kutosha, akiuliza habari za mtoto wa kike asiyelia. Watu walimwelewa vibaya, wakampeleka mara mbili kwenye makaburi mapya. Alifukua moja kwa mikono kabla hawajamzuia.

Alimpata masika yakiisha, katika kijiji kimoja upande wa Nzega, nyumbani kwa mama mmoja aitwaye Apolinaria. Josepha alikuwa anafagia ua. Alikuwa amerefuka na amekonda, nywele zimenyolewa.

"Josepha," Koleta akaita.

Mtoto aliweka ufagio chini, akaja mpaka mbele yake. "Shikamoo, mama," akasema, kama anavyoamkiwa mama yeyote anayepita njiani. Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akarudi tena ndani, akatoka na maji kwenye kata. Kisha akaendelea kufagia.

Apolinaria alimshika Koleta mkono, akamketisha kwenye kigoda. Baadaye, wawili hao wakiwa jikoni, akamweleza.

"Watoto wengine walioshushwa siku ile walilia mpaka wakapoteza sauti. Wawili walikufa, hawakutaka kula. Huyu aliniuliza kisima kiko wapi. Nikashukuru, nikasema nimeletewa mtoto mwenye akili. Njaa haikumsumbua, baridi haikumsumbua. Halafu nikaanza kumwogopa."

"Alifanya nini?"

"Hakuna alichofanya. Alipata homa, nikamkuta amelala chini ya ghala, hakumwambia mtu. Nikimpakata anakaa kama mtungi. Nikimshusha anashuka."

Koleta alikaa hapo. Alipewa kiwanja, akajenga kibanda kwa msaada wa Apolinaria, akalima mtama katika shamba la kijiji. Habari zilimfikia Ngollo, naye baada ya mavuno akaja kwa baiskeli. Watu walikuwa wamekusanyika wakipura, wakamsimulia jinsi mtoto alivyoishi, na kila aliyesimulia alimaliza kwa sifa. Ngollo alisimama katikati yao akitabasamu.

"Mnaona?" akasema. "Malezi hayo. Wa wenzetu wamekufa, wangu amesimama." Akamgeukia binti yake. "Josepha, twende nyumbani."

Josepha aliacha kupepeta, akaja, akashika karia ya baiskeli. Hakuuliza ni nyumbani kupi. Hakumtazama mama yake.

Koleta aliliona hilo. Karibu na hapo alikuwa amesimama mtu mmoja aliyejitaja kwa jina la Shomari, mpita njia mwenye punda wawili, aliyeomba maji tu na ambaye hakuna aliyemjua.

"Ndugu," Koleta akamwambia, "hebu mwite huyu mtoto."

"Nimwite niende naye wapi?"

"Mwite tu."

Shomari akasita. "Haya. Josepha, njoo twende."

Josepha aliachia karia. Akaenda kusimama kando ya punda, mkono wake ukiwa umeshika kamba, akasubiri safari ianze.

Waliokuwa wakipura wakaacha kupura. Shomari akasema kwa haya, "Rudi kwa baba yako, mwanangu," naye akarudi, kwa mwendo ule ule.

"Ni utii," Ngollo akasema.

"Hajui wa kwake ni nani," Koleta akasema. "Wewe, mimi, huyu mwenye punda. Kwake wote ni sawa. Umemtoa woga, Baba Josepha, na kila kilichokuwa pamoja nao."

Ngollo alimshika mtoto kidevu, akamwinua uso. "Mimi ni nani?"

"Ni baba."

"Na yule?"

"Ni mama."

"Unataka kwenda na nani?"

Josepha alimtazama baba yake kwa makini, akitafuta usoni mwake jibu linalotakiwa. Hakuliona. Mdomo ulianza kumtetemeka, kisha ukatulia. Ngollo alisubiri sana. Mwishowe akapanda baiskeli, akasema atarudi akishauza tumbaku. Hakurudi. Alioa mke mwingine Urambo, na inasemekana huko aliwasimulia watu wengi juu ya binti yake aliyeko Nzega, aliye imara kama chuma.

Shuleni Josepha aliongoza darasa. Mwaka kipindupindu kilipoingia kijijini, watu wazima walikimbia nyumba za wagonjwa; yeye, akiwa na miaka minane, alibeba ndoo za maji, akienda na kurudi kwa wagonjwa, akamfumba macho mzee mmoja bila kuambiwa. Mwalimu alimsimamisha mbele ya shule nzima akapigiwa makofi. Alipoteremka, mwalimu yule yule aliona nyayo za damu sakafuni. Msumari ulikuwa umeingia kwenye kisigino na kuvunjikia humo. Ulikuwa umekaa siku nyingi, kidonda kimeoza, na alikuwa amekwenda shule, shambani na kisimani nao.

"Kwa nini hukusema?" mwalimu akauliza.

"Sikuulizwa," Josepha akasema.

Koleta alimbeba mgongoni kutoka zahanati, mtoto mkubwa vile, miguu ikiburuzika, na watu wakacheka. Mikono ya Josepha ilining'inia pembeni, haikumshika mama yake shingoni.

Tangu siku ile, kila jioni kabla ya kula, Koleta alimsimamisha mlangoni penye mwanga na kumkagua. Alimwangalia nyayo, katikati ya vidole, magoti, mgongo, masikio, akibonyeza na kuuliza, "Hapa panauma? Na hapa?" Josepha alisimama kwa subira kama anapimwa sare kwa fundi, akisema hapana kila mahali, hata palipovimba. Koleta aliacha kuamini maneno, akaamini vidole vyake. Alimkagua hivyo kiangazi na masika. Apolinaria alimwambia anajisumbua, mtoto amekwishakuwa hivyo. Koleta akasema huenda.

Jioni moja ya mwaka uliofuata alikuwa amemaliza miguu na anafunga mkono wa gauni, akiharakisha kwa sababu uji ulikuwa unafurika. Josepha hakuondoka. Aliuchukua mkono wa mama yake, akauweka upande wa kushoto chini ya mbavu, akaubonyeza.

"Hapa," akasema.